Seva ya kwanza ya nyumbani, Tabora: laptopu ya zamani, kompyuta ndogo ya mtumba au Raspberry Pi?

Juni iliyopita shemeji yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alikuja kwangu Isevya na mkoba wenye simu tatu mbovu, flashi mbili na eksteno (diski ya nje) moja iliyofungwa kwa raba bendi. Tulipomaliza chai akaanza: "Shemeji, sitaki makubwa. Nataka picha za marehemu mzee na za watoto zikae mahali pamoja na zisipotee tena. Halafu hawa watoto waache kunimalizia bando kwa katuni zile zile kila jioni."

"Hiyo ni seva, shemeji, kompyuta isiyozimwa inayotunza mafaili ya nyumba nzima. Ndogo tu, inakaa chini ya meza ya tivii."

"Basi niambie ninunue ipi, maana hela ninayo ya mara moja."

Ulinganisho huu ndio tulioufanya kwa wiki mbili kabla hajatoa hela yake. Nimeuandika kwa mtu mwingine wa Tabora, Nzega, Urambo au Kigoma mwenye nia kama hiyo na mfuko kama huo.

Anza na Luku, prosesa baadaye

Wengi wakisikia seva hukimbilia kuuliza nguvu ya prosesa. Kwa kwetu swali la kwanza ni wati. Seva haizimwi. Inakula umeme saa 24, usiku na mchana, hata mkiwa mmesafiri kwenda kuzika. Nyumba nyingi za kawaida ziko kwenye kundi la matumizi madogo, uniti 75 kwa mwezi, ambako uniti moja ikiwekwa kodi na tozo inafika shilingi 122. Walio kundi la juu yake wanalipa kama shilingi 356. Nimepiga hesabu ya siku 30, mashine ikiwa imetulia bila kazi nzito, maana hivyo ndivyo itakavyokaa sehemu kubwa ya siku:

| Mashine | Wati (kadirio) | Uniti kwa mwezi | Kwa Sh 122 | Kwa Sh 356 |
|---|---|---|---|---|
| Raspberry Pi 5 na SSD (diski isiyozunguka) | 5 | 3.6 | 439 | 1,282 |
| Kompyuta ndogo au laptopu | 12 | 8.6 | 1,054 | 3,076 |
| Desktopu ya mnara | 45 | 32.4 | 3,953 | 11,534 |
| Seva ya ofisini | 120 | 86.4 | haiwezekani | 30,758 |

Tazama mstari wa mwisho. Seva ya ofisini, zile pana za kulaza kwenye kabati la chuma ambazo huuzwa bei ya kutupa, inamaliza uniti 75 na kupitiliza kabla hujawasha hata taa ya sebuleni. Inakutoa kwenye kundi lako la bei nafuu, na nyumba nzima sasa inalipia umeme kwa bei ya juu kwa sababu ya mashine moja. Ukiongeza kelele ya feni zake, mjadala umeisha. Iache huko huko.

Desktopu ya mnara inahitaji kufikiriwa zaidi. Uniti 32 kwa shemeji zilikuwa karibu nusu ya mgao wake, naye ana friji na pasi. Hilo peke yake liliiondoa kwake. Ila mwenye studio ya video za harusi, mwenye terabaiti nane au kumi za kazi za wateja, namshauri tofauti kabisa: mnara ndio wenye nafasi ya diski tatu au nne kubwa za inchi 3.5, una pawa saplai ya kuziendesha, na spea zake zinapatikana kwa fundi yeyote. Kazi inalipia umeme wake.

Tatu zilizobaki

Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja, inavutia kwa sababu ni ndogo kama pakiti ya sigara na inakula umeme kiduchu. Toleo la 4 lilitoka mwaka 2019, la 5 mwaka 2023. Nilikuwa nayo, naipenda, lakini kwa seva ya kwanza siipendekezi kwa mtu wa huku, na sababu ni gharama zinazojificha. Bei unayoona ni ya bodi tupu. Toleo la 5 linataka adapta yake ya volti 5 na ampea 5, maana chaja ya simu uliyonayo haifikishi ampea hizo. Ongeza kasha, feni, SSD na nyumba ya SSD. Ukimaliza kujumlisha umeshaikaribia bei ya kompyuta kamili ya mtumba. Na ukijaribu kubana matumizi kwa kuendesha mfumo kwenye memori kadi, kuandika data bila kupumzika pamoja na umeme wa kukatikakatika kutaiua kadi hiyo. Jambo jingine ni video: toleo la 5 halina kifaa cha ndani cha kugeuza video kuwa muundo mwingine, hivyo filamu ambayo tivii yako haiifahamu itaielemea prosesa. Pi nampa mtu wa sola, au shule inayotaka tu kuwawekea wanafunzi Wikipedia ya Kiwix isiyohitaji intaneti. Hapo inatosha na kubaki.

Laptopu ya zamani ina kitu kimoja ambacho nyingine zote hazina: betri. Umeme ukikatika saa mbili usiku yenyewe haishtuki, inaendelea. Kwa mji wetu hilo ni jambo kubwa, maana gharama yote ya UPS (betri ya akiba ya kompyuta) imeshalipwa. Kioo kikiwa kimepasuka au kibodi imekufa vitufe, si neno, seva haiviangalii. Kama unayo kabatini, usinunue kitu; anza nayo kesho.

Lakini kuna mambo mawili ya kushughulikia kabla hujaiacha iwake usiku. Betri inayoshikiliwa kwenye asilimia 100 miezi na miezi, tena kwenye joto la Oktoba la Tabora, huvimba. Nimeona moja iliyoinua kibao cha panya kama chapati kwenye kikaango. ThinkPad na baadhi ya nyingine hukubali kuwekewa kikomo cha chaji. Weka asilimia 80 au hata 60. Kama yako haikubali, ichunguze kila mwezi, na ikianza kuvimba itoe, usisubiri. La pili ni nafasi: laptopu nyingi zina sehemu ya diski moja au mbili tu, hivyo hifadhi kubwa itategemea USB. Hakikisha tundu ni la USB 3. Lile la USB 2 linakwama kwenye megabaiti kama 35 kwa sekunde, na ukinakili gigabaiti mia tano utalala uamke.

Sasa kompyuta ndogo za ofisi, zile za mtumba zenye ukubwa wa kitabu kinene: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Hapa ndipo shemeji alipoishia, na ndipo ningemwelekeza mtu tisa kati ya kumi wasio na laptopu ya bure. Kuna sababu ya kuwa nyingi sokoni wakati huu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel za kizazi cha 6 na karibu zote za cha 7. Makampuni ya Ulaya yanaziondoa kwa wingi, nazo zinashuka hadi Kariakoo. Wewe unayeweka Debian, mfumo wa bure wa Linux, hilo halikuhusu. Mashine ni nzima na itafanya kazi miaka mingi.

Ukiwa dukani soma namba ya prosesa. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-6500T ni cha 6, i5-7500T ni cha 7, i5-8500T ni cha 8. Herufi T mwishoni ina maana ya toleo la umeme mdogo, wati 35 ikibanwa kazi, na ndiyo unayoitaka. Kati ya cha 6 na cha 7 ningeongeza hela kidogo nichukue cha 7, kwa kuwa kuanzia hapo kifaa cha ndani cha video kinasoma pia zile video za HEVC (muundo wa kubana video) za biti 10 ambazo filamu nyingi za sasa hutumia. Cha 8 ni kizuri zaidi, ila kwa familia ya watu watano wanaoangalia filamu za seva kwa programu ya Jellyfin usikope kwa ajili yake. RAM gigabaiti 8 inatosha kuanzia.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na uingie kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka. Mashine zilizotoka ofisini wakati mwingine zimefungwa kwa neno la siri ambalo hakuna anayelijua. Ukiwa humo humo, tafuta mpangilio wa mashine kuwaka yenyewe umeme unaporudi, uuwashe. Bila huo, umeme ukikatika mchana ukiwa kazini, seva italala hadi utakaporudi. Na angalia adapta yake: imeandikwa inapokea volti 100 hadi 240. Mtu wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora anayejua taa zinavyofifia saa moja jioni ataelewa kwa nini nasema hili ni baraka.

Kuna pia visanduku maalumu vya kuhifadhia data, vya Synology na QNAP. Ni rahisi kutumia kuliko hivi vyote, hilo ni kweli. Lakini vinauzwa bila diski, bei yake ni ya juu, na kikiharibika sijaona hapa mjini fundi mwenye spea zake. Chaja ya Dell naipata kwa kutembea dakika kumi.

Diski: hapa ndipo hela iende

Mwaka 2019 nilipoteza picha za msiba wa mama yangu. Eksteno ilikuwa mezani ikinakili, mtoto akajikwaa kwenye waya, ikaanguka ikiwa inazunguka. Nilipoichomeka tena ilikuwa inagonga, tik, tik, tik. Fundi aliisogeza sikioni, akanirudishia bila hata kuifungua. Nakala nyingine sikuwa nayo. Kwa hiyo sehemu hii naiandika nikiwa na uzito moyoni, na nakuomba uisome polepole kuliko ile ya mashine.

Kwanza pima unachohitaji. Tulikaa na shemeji tukaorodhesha: simu nne za familia kama gigabaiti 60 kila moja, zilizo kwenye eksteno ya zamani 180, video ya harusi yake 45, Wikipedia ya Kiingereza yenye picha kama 110, mitihani ya zamani ya wanafunzi 10. Jumla 585. Tukakadiria ongezeko la gigabaiti 20 kwa mwezi, ambazo kwa miaka mitatu ni 720. Inafika 1,305. Terabaiti 2 inamtosha na nafasi ya kupumua inabaki. Usishtuke ukiichomeka kwenye Windows ikaonyesha 1.81, mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hujaibiwa.

Kisha aina. SSD haina kinachozunguka, haiogopi kuanguka wala mtikisiko, na ikitulia inakula chini ya wati moja. Diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 inakula kama wati mbili, ya inchi 3.5 tano au sita. Kwa gigabaiti moja ya nafasi, ya kuzunguka bado ni nafuu sana. Njia yetu ikawa hii: mfumo kwenye SSD ndogo ya gigabaiti 256 iliyokuja na mashine, picha na filamu kwenye diski ya kuzunguka. Kompyuta ndogo hizi zinapokea ndani diski ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7 tu. Zile za terabaiti 4 na 5 ni nene, milimita 15, haziingii hata ulazimishe. Na ya inchi 3.5 inahitaji volti 12, hivyo itakaa nje na adapta yake.

Utasikia pia maneno CMR na SMR. Ni namna mbili za kupanga njia za data juu ya sahani. SMR hupandanisha njia kama vigae vya paa ili kubana nafasi, na gharama yake ni kwamba kuandika upya kunakuwa kwa polepole sana diski inapojaa. Karibu eksteno zote ndogo za leo ni SMR. Kwa picha zinazoandikwa mara moja na kutazamwa miaka kumi, haina shida. Kwa diski kadhaa zilizofungwa pamoja kwa RAID ni matatizo; mwaka 2020 Western Digital ilibidi ikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa kazi hiyo hiyo, zilikuwa SMR. Tangu hapo jina la Red Plus ndilo la CMR.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo kila mtu ananiuliza: diski mbili ndani ya RAID 1, au diski moja ndani na nyingine pembeni kama nakala? Zinagharimu sawa. RAID 1 huandika kitu kile kile kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Moja ikifa, kazi inaendelea bila kusimama, na kwa ofisi hilo lina thamani. Lakini fikiria yanayotokea nyumbani kwetu. Mtoto anafuta folda: imefutika kote kuwili sekunde ile ile. Radi ya Januari inapita kwenye waya: diski zote mbili ziko kwenye mashine moja. Mwizi anabeba sanduku: amebeba zote. Kifo cha diski moja, ambacho ndicho pekee RAID inakinga, ni hatari moja kati ya nne, na mtu wa nyumbani anaweza kuvumilia siku mbili bila katuni wakati diski mpya inasafiri kwa basi kutoka Dar.

Kwa hiyo kwa seva ya kwanza jibu langu halina kuyumba: diski ya pili ikae nje ya seva, na ikibidi nje ya nyumba. Ya shemeji inakaa kwa mama yake Ipuli, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko kwa ajili ya vumbi, kwenye sanduku la vitenge. Jumapili ya kwanza ya mwezi anaichukua baada ya ibada, anaichomeka usiku, programu ya rsync inanakili yaliyoongezeka, Jumatatu inarudi.

Tulibishana kidogo juu ya muundo wa diski hiyo. Mimi ningependa kuifunga kwa siri kwa restic, programu ya nakala inayokagua pia kama data imeharibika. Yeye akauliza: "Na siku wewe haupo, shemeji, nitaifunguaje?" Akanishinda. Tuliiweka NTFS, muundo wa Windows, mafaili wazi, ili aweze kuichomeka kwenye laptopu yoyote ya shuleni akaziona picha zake. Ndani ya seva tumetumia ext4, muundo wa Linux. Muundo mwingine, ZFS, ni bora kwa kugundua uharibifu, ila ni ya mwaka wa pili, si ya kwanza.

Nunua diski mbili kutoka maduka tofauti au miezi tofauti. Zilizotoka kiwandani siku moja huweza kuwa na kasoro moja. Ukinunua ya mtumba, endesha smartctl, programu ya kupima afya ya diski, usome saa ilizofanya kazi, na sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa au zinazosubiri. Hizo mbili za mwisho zikiwa na namba zaidi ya sifuri, mrudishie mwenyewe. Na SSD au flashi yoyote ya bei isiyoaminika ijaribu kwanza kwa programu ya f3, inayoijaza mwanzo hadi mwisho na kusoma tena. Bandia hujitangaza terabaiti 2 kumbe ndani ina gigabaiti 64, na picha zinazopita hapo zinaangukia hewani.

Umeme, vumbi na waya

Kompyuta ndogo haina betri, hivyo tuliongeza UPS ndogo ya VA 650. Kwa mzigo wa wati 15 na betri mpya inashikilia saa moja hivi, na programu ya NUT inaizima seva kistaarabu kabla chaji haijaisha. Huko kuzima kistaarabu ndiko ulikokulipia. Msimu wa radi, Novemba hadi Aprili, chomoa waya wa umeme na wa mtandao wingu likishafunga, usiitegemee UPS kuwa ngao.

Kiangazi ni vumbi. Iweke juu, futi moja au mbili kutoka sakafuni, mbali na dirisha la barabarani, na kila miezi miwili ifungue uipige brashi laini. Usiifunike kitambaa cha kufuma, hata kama kinapendeza; inahitaji kupumua.

Ruta nyingi za laini ya simu zina tundu la waya la megabiti 100, linalopitisha megabaiti kama 11 kwa sekunde. Gigabaiti 585 za shemeji zingechukua saa 15 hapo. Mara ya kwanza nakili kwa USB moja kwa moja, baadaye kasi hiyo inatosha hata kwa tivii mbili. Kuifikia seva ukiwa nje ya nyumba ni suala jingine: laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani yako mwenyewe ya intaneti, hivyo utahitaji Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kupitia intaneti, na kila picha utakayoifungua ukiwa mbali italiwa kwenye bando mara mbili, la nyumbani na la simu. Tumeliacha kwanza.

Siku ya mwisho, kabla shemeji hajagusa simu zake za zamani, tulifanya majaribio mawili. Alizima swichi kuu ya nyumba mwenyewe. Tukasubiri mpaka seva ikajizima, akawasha, ikarudi bila kuguswa. Kisha nikamwambia afute folda ya mzee. Alinitazama muda mrefu kabla ya kubonyeza. Tukapanda bodaboda hadi Ipuli, tukaleta kopo, tukachomeka diski. Picha ya kwanza kufunguka ilikuwa ya mzee amesimama stesheni na koti lake la reli. Akazihesabu zote, moja moja, kwa kidole kwenye kioo: 214, kama zilivyokuwa asubuhi. Ndipo akachukua simu ya kwanza akaanza kuifuta.